Ganzi ya Mkono wa Mafuta

Pale Ruaha Mbuyuni, mama muuza vitunguu alinipa chenji yangu, noti moja na sarafu tatu, zote zikaishia chini. Sikuwa na haraka wala hasira. Vidole vya mkono wa kulia havikuwa na habari kwamba vimepewa kitu. Mama akanitazama, akaitazama pikipiki, akainama kuziokota mwenyewe.

"Pole, baba. Ni kiharusi au ni hilo dude lako?"

"Ni dude, mama."

"Basi liache, upande basi," akasema, akanifungia fungu la pili la vitunguu bila kuulizwa.

Tulikuwa tumetoka Dar es Salaam alfajiri, watu watatu na pikipiki tatu, safari ya Mbeya, Tunduma, kisha Zambia. Yangu ni Suzuki V-Strom 650 ya mtumba, inayovuta mafuta kwa waya wa chuma kama bodaboda yoyote. Mwenzangu mmoja ana BMW GS ya karibuni, yenye kitufe cha kushika mwendo iliyotoka nacho kiwandani. Wa tatu ana pikipiki nyepesi ya cc 250 na hana malalamiko na kitu chochote duniani, kwa hiyo sitamtaja tena.

Mwenye gari akichoka mguu, kisigino kimekaa sakafuni. Mwenye pikipiki hana sakafu. Mshikio wa mafuta una springi inayousukuma ujifunge muda wote, na hiyo ni rehema: ukianguka au ukizirai, mafuta yanakatika yenyewe. Kule Marekani sheria za usalama wa pikipiki zinadai hivyo hasa, kwamba mshikio ukiachiwa urudi wenyewe. Lakini rehema hiyo ndiyo unayopambana nayo kutwa nzima. Nguvu ya springi si kubwa, ni kama uzito wa kikombe cha chai. Chukua kikombe cha chai, ukishike hewani kutoka Chalinze mpaka Iringa, halafu tuzungumze.

Juu ya hapo kuna mtetemo. Kwenye kifundo cha mkono, pale kinapoanza kiganja, neva inayohudumia kidole gumba, cha shahada na cha kati hupita kwenye mfereji mwembamba wa mifupa na kano. Nyingine hupita upande wa kidole cha mwisho. Ukikunja kifundo, ukakamata kwa nguvu, na injini ikawa inakutetemesha kwa saa sita, neva hizo zinabanwa na damu inapungua. Kwanza vidole vinawasha, kisha vinakuwa vizito, mwishowe unaangusha chenji ya watu. Na ganzi ina ujanja wake: kadiri usivyohisi mshikio, ndivyo unavyoukamata zaidi, na kadiri unavyoukamata, ndivyo ganzi inavyozidi.

Kila mwendesha safari ndefu anaijua na ile aibu ya kuvusha mkono wa kushoto juu ya tangi ili ushike mafuta, huku wa kulia ukining'inia pembeni ukikung'utwa kama kuku aliyelowa. Abiria wa mabasi hupiga picha. Hapo hushiki klachi wala breki ya mbele, na jicho moja liko kwenye kioo kuona lori liko wapi. Nimefanya hivyo mara nyingi mno, sijivunii.

Usiku ule tulilala Iringa. Asubuhi, fundi wa pancha jirani na nyumba ya wageni akanikatia pete ya mpira kutoka tyubu ya zamani. Wazo lilikuwa langu, yeye aliuliza tu ni ya nini, nilipomweleza akasema "haya" kwa sauti ya mtu aliyekwisha kunawa mikono. Pete tuliipenyeza kati ya mshikio na kasha la swichi, ikabana kidogo. Nikavuta mafuta, nikaachia, mshikio ukabaki palepale. Bei: shilingi mia tano. Nilitoka Iringa najiona mhandisi.

Mpaka Mafinga ilikuwa raha. Kupita Makambako, ukishuka kuelekea Igawa na tambarare za Usangu, barabara inanyooka na upepo unakuwa wa joto. Nikaweka mwendo wa tisini, nikafungua kiganja, nikanyoosha vidole kimoja kimoja mbele ya uso wangu kama mtoto aliyevigundua leo. Kisha kikaja kijiji, alama ya hamsini, na mbele yake matuta.

Nikafanya ninachofanya siku zote: nikalegeza mkono, nikingoja springi ifanye kazi yake. Haikufanya. Ile pete ilikuwa imepata joto la jua, imelainika, imejiviringisha ndani ya mwanya na kubana mshikio pande zote. Nikauzungusha kwa nguvu kuufunga, ukasogea nusu ukagoma. Nikavuta klachi. Pikipiki ikaacha kuvuta, lakini injini iliyopoteza mzigo ikapaza sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwangu, mbuzi wakaruka mtaro. Kilichoniokoa ni kidole gumba kukumbuka swichi nyekundu ya kuzima injini. Nikapanda tuta la kwanza kimya kabisa, kama mwenye baiskeli, nikasimama mbele ya kibanda cha mahindi ya kuchoma. Kijana mmoja akauliza kwa huruma: "Bosi, mafuta yamekata?" Nikamwambia hapana, yamegoma kukata.

Tangu siku ile, mtu akinionyesha kifaa cha kushika mafuta siulizi kinashika vipi. Kushika ni kazi rahisi, hata tyubu ya mia tano inashika. Nauliza kinaachia vipi, kwa mkono upi, kwa muda gani, na kwa mkono uliokufa ganzi.

Jambo lenyewe si geni. Pikipiki za zamani za Harley-Davidson na BMW zilikuwa na skrubu ndogo chini ya mshikio wa mafuta. Ukiikaza, mshikio unakuwa mzito na kukaa unapouweka, ukiilegeza, unarudi wenyewe. Wazee waliokwenda mbali nazo waliiweka kati na kati na kusahau. Kwenye magari, aliyekuja na mashine ya kisasa ya kushika mwendo alikuwa kipofu. Ralph Teetor, mhandisi wa Indiana, Marekani, alipoteza macho akiwa na miaka mitano. Husimuliwa kwamba alikerwa na wakili wake aliyekuwa akipunguza mwendo kila anapoongea na kuongeza kila anaposikiliza. Abiria asiyeona huusikia mwendo kwa mwili mzima. Teetor alipata hataza yake mwaka 1950, na Chrysler wakaanza kukiuza kifaa hicho kwenye magari yao ya mwaka 1958. Kwenye pikipiki kilichelewa, Honda Gold Wing ilikuwa nacho katikati ya miaka ya 1980, na kwa muda mrefu kikabaki anasa ya pikipiki kubwa kama kitanda.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapochanganya mambo mawili. Kruzi kontroli, kile cha Teetor, hushika mwendo: mlima ukija inaongeza mafuta, mteremko ukija inapunguza, ukigusa breki au klachi inajitoa. Kufuli la mafuta hushika mshikio tu. Halijui mwendo wala mlima. Ukilifunga kwenye tambarare ukiwa tisini, mlimani utajikuta sabini na lori limekufikia mgongoni, mteremkoni utajikuta mia na kumi na trafiki ameinuka kutoka kwenye kivuli chake. Mwenye kufuli bado anaendesha kwa mkono, ameazimwa tu dakika mbili tatu za kupumua. Ukilinunua ukidhani umenunua kruzi, utalichukia bure.

Niliporudi Dar nikaanza kutafuta kwa utulivu. Cha rahisi kuliko vyote ni ulimi wa plastiki unaobana juu ya mshikio, mashuhuri wake ni Crampbuster, dola kumi na kitu. Hakishiki chochote. Unaulalia kwa kiganja, vidole vinapumzika, ukiinua kiganja mafuta yanajifunga. Kwa swali langu la kuachia kinapata alama zote, na bado nimekikataa. Ukisimama juu ya vikanyagio kupita mashimo, au ukinyoosha vidole ghafla kushika breki ya mbele, kiganja kinaweza kuukandamiza ule ulimi na ukaongeza mafuta palepale unapotaka kupunguza. Kwa lami safi isiyo na vituko ni kizuri. Mtu wa kuingia vumbini namshauri abaki na ganzi yake.

Kundi la pili ni vibano. Kimoja maarufu ni Atlas, kipande chembamba cha chuma kinachofungwa kati ya mshikio na kasha la swichi, palepale nilipoweka tyubu yangu, ila hiki kimefikiriwa. Kina vitufe viwili vya kidole gumba, kimoja cha kufunga, kingine cha kufungua, na hata kikiwa kimefungwa unaweza kuuzungusha mshikio kwa nguvu kidogo ukaongeza au ukapunguza. Kuna kingine, BrakeAway, kinachojifungua ukivuta breki ya mbele. Hilo ni wazo zuri, ingawa mimi matutani huanza na breki ya nyuma, na mguu wangu hakiujui.

Nilichochukua mwisho ni Kaoko, cha Afrika Kusini. Unatoa ule uzito wa chuma mwishoni mwa usukani, unaweka mwingine wenye nati pana ya mviringo. Ukiizungusha nati kwa kidole cha mwisho na ubavu wa kiganja, inasogea na kuusugua mshikio mpaka springi ishindwe kuurudisha. Hakuna kufuli ndani yake kwa maana halisi, ni msuguano tu, ndugu wa ile skrubu ya wazee. Ukitaka kufunga mafuta unafunga, kama kawaida, kwa nguvu kidogo zaidi. Haina kitufe cha kutafuta wala betri. Nimeijaribu na glavu zilizolowa, nimeijaribu na mkono uliokufa ganzi, maana ndio huo unaoutumia saa ya shida.

Vifaa hivi viwili, Kaoko na Atlas, kwa kawaida hupita dola 100 kabla hujalipia usafiri na forodha, na mtu ana haki ya kuguna. Changu kilikuja na dereva wa lori anayetoka Johannesburg, kikiwa kimefungwa kwenye soksi. Hakikuingia. Nilikuwa nimetaja aina ya pikipiki, sikutaja kwamba nimefunga kinga za mikono, na kinga zinashikiliwa na mwisho wa usukani uleule. Seti ya pikipiki yenye kinga ni nyingine. Soksi ikarudi Johannesburg, mimi nikangoja miezi miwili. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, piga picha ya mwisho wa usukani wako pande zote mbili na umtumie muuzaji, usitegemee jina la pikipiki peke yake.

Baada ya kufunga, simamisha pikipiki, injini ikiwa imezimwa. Vuta mafuta nusu, funga kifaa, kisha uachie na usikilize. Uvute tena mpaka mwisho, urudishe kwa mkono mpaka ugonge chini: lazima usikie ule mgoto mdogo wa mshikio kufika nyumbani. Ulegeze kifaa kabisa, uvute, uachie ghafla, mgoto uwe uleule wa siku zote. Sasa washa injini, iache ikiunguruma taratibu, kata usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Injini ikibadilisha sauti, waya wa mafuta unavutika na hakuna kifaa kitakachokusaidia mpaka fundi aupange upya. Vuta na breki ya mbele mpaka mwisho, uone kama kishikio chake hakigusi kibano. Dakika tano. Ningezitumia Iringa, mbuzi wale wangekula majani yao kwa amani.

Lililonichekesha lilitokea Gerezani, Kariakoo, kwa fundi wangu wa siku zote. Nilimpelekea kazi ya kufunga nati ya Kaoko. Kabla hajagusa chochote akauzungusha mshikio, akauachia, akauzungusha tena, akakunja uso.

"Kaka, huu waya ulitiwa oili lini?"

Nikakaa kimya, jambo ambalo mafundi wanalielewa vizuri.

Akauchomoa waya, akautundika msumarini, akadondosha oili nyepesi juu ukingoni mpaka ikatokea chini nyeusi kama kahawa. Akasafisha bomba la mshikio lililokuwa na mchanga wa Zambia. Akazungusha kasha la kishikio cha breki digrii chache kushuka, ili vidole vinyooke sawa na mkono wa mbele badala ya kupinda juu. Alipomaliza, mshikio ulizunguka kwa vidole viwili. Nusu ya kikombe cha chai ilikuwa imemwagwa. Nilikuwa nimevuka mpaka na kurudi nikipambana na uchafu, nikiisingizia springi. Ningekuwa na akili ningeanza pale: oili, mshikio mnene wa sponji, uzito mkubwa zaidi mwishoni mwa usukani wa kumeza mtetemo, na kujifunza kushika kilegevu, kama ushikavyo yai. Kaoko ingebaki ya mwisho kununuliwa, na pengine isingenunuliwa.

Nasema pengine, kwa sababu ya barabara zetu. Niulize kati ya Dar na Mbeya kifaa hiki nakitumia wapi, nitakuhesabia vipande: baada ya Makambako, na vipande vifupi huku na kule. Morogoro kushuka mpaka Dar ni foleni na malori. Ndani ya hifadhi ya Mikumi, kilomita 50 za lami katikati ya pundamilia, vibao vimekuandikia kabisa faini ya kila mnyama utakayemgonga. Nati nailegeza kabla ya kuingia na sijawahi kushawishika kuikaza mle, hata twiga wakiwa mbali. Kitonga ni kona na breki za malori zinazonuka. Vijijini ni hamsini na matuta, na tuta la bila alama ndilo lenye urefu kuliko yote. Mvua ikinyesha pia nafungua: gurudumu la nyuma likiteleza huku mafuta yameshikwa, kifaa hakitajua, kitaendelea kulisukuma.

Vifaa hivi vina makwao. Nenda Botswana, kati ya Nata na Kazungula, kilomita takriban 300 ambazo usukani hauna kazi. Ukipita pale unaelewa kwa nini watu wa kusini mwa Afrika hufunga nati hizi mwishoni mwa usukani bila mjadala. Hata huko, tembo hutoka kichakani bila honi, na swali linabaki lilelile la kuachia. Vipande virefu vya msitu kati ya Nakonde na Mpika navyo vinafaa, pale lami isipokuwa na mashimo.

Na anayenunua pikipiki mpya leo? Haya yote yanampita pembeni. Pikipiki nyingi za safari za sasa hazina waya wa mafuta, mshikio ni kihisi tu kinachoiambia kompyuta unataka nini, na kuongeza kruzi ni suala la kitufe na programu. Kwa hizo achana na vibano, nunua yenye kitufe tangu dukani. Kwa za waya kama yangu, kuna kampuni ya Australia, MCCruise, inayouza kruzi kamili ya kufunga baadaye, yenye injini yake ndogo ya kuvuta waya, inayosoma mwendo na kujitoa ukigusa breki au klachi. Ni kazi nzuri ya kihandisi. Kwa pikipiki ya mtumba bei yake inaanza kufanana na kumvisha punda tandiko la farasi. Mwaka 2020 Ducati walitoa Multistrada V4 yenye rada, inayopima gari la mbele na kujipunguza yenyewe. Watengenezaji hueleza kwamba huo ni msaada kwa mwendeshaji, si breki ya dharura. Nami sijaona rada ikikutana na mbuzi wa Igawa.

Mwenzangu wa BMW alininanga sana kwa ile pete ya tyubu. Safari iliyofuata tulikwenda tena, mimi na nati yangu, yeye na kitufe chake. Tambarare alinipita akiwa amekaa kama yuko sebuleni, mkono wa kulia pajani. Kitonga tukakuta lori limekufa konani. Foleni ikapanda mlima kwa mwendo wa mtu anayetembea, gia ya kwanza, klachi ndani nje, kruzi haifanyi kazi katika mwendo huo na nati yangu nimeilegeza tangu chini. Tulipofika juu tukasimama kupoza injini. Akavua glavu, akaanza kukung'uta mkono, wa kushoto safari hii, wa klachi, akauliza kama nina chupa ya maji maana hawezi kufungua ya kwake.